Kupima mvua uani: Daftari la mtoto lamfunza hata mzazi

NI saa 12:30 asubuhi, Morogoro mjini. Chai haijaiva. Binti wa darasa la tano, sare ya shule mwilini na kandambili miguuni, anatoka mlango wa nyuma akiwa na daftari. Anakwenda hadi katikati ya ua, pale baba yake alipochimbia nguzo fupi, anainama mpaka macho yake yanakuwa usawa wa maji yaliyomo kwenye chupa ya plastiki iliyofungwa kwenye nguzo hiyo. Anasoma. Anaandika. Anamwaga. Kisha anapaza sauti kuelekea jikoni: "Bibi, leo saba!"

Bibi, anayepuliza moto, anajibu kwa neno moja tu: "Haya." Lakini namba hiyo ataikumbuka hadi jioni.

Mambo yalianza kama kazi ya shule. Mwalimu wa sayansi aliwaagiza watoto watengeneze kipima mvua kwa vifaa vya nyumbani. Wazazi wanajua mwisho wa kazi za namna hii: mtoto anapata alama zake, kifaa kinatupwa nyuma ya choo, habari inaishia hapo. Katika nyumba hii chupa haikutupwa, kwa sababu bibi aliuliza swali ambalo mwalimu hakuliuliza.

Bibi analima nusu eka ya mahindi na maharage chini ya milima ya Uluguru. Vuli ya mwaka uliotangulia alipanda baada ya mvua ya kwanza ya Oktoba. Mbegu ikachipua, halafu jua likawaka karibu wiki tatu. Miche ikanyauka yote. Ikambidi anunue mbegu mara ya pili, kwa fedha aliyokopa kwenye kikundi chao cha akina mama. Basi alipomwona mjukuu wake anahangaika na chupa, alimuuliza: "Hicho kichupa chako, mjukuu wangu, kinaweza kuniambia lini nipande?"

Mtoto hakujua. Alimtazama baba yake, na baba naye hakujua. Ndipo chupa ikabaki uani.

Kifaa cha bei ya bure

Kutengeneza kipima mvua hakuhitaji duka. Chupa ya maji ya lita moja na nusu inatosha, mradi ubavu wake uwe umenyooka, usiwe na kiuno wala mabonde. Inakatwa pale mabega yanapoanza. Kipande cha juu, bila kizibo, kinageuzwa na kutumbukizwa ndani kama faneli. Faneli hiyo huzuia matone yasirukie nje na hupunguza maji yanayokauka kwa jua.

Kitako cha chupa hakiko sawa, kwa hiyo huwekwa kokoto na maji kidogo mpaka yafike mahali ubavu unapoanza kunyooka. Hapo unachorwa mstari wa sifuri kwa kalamu isiyofutika. Kuanzia mstari huo kwenda juu huchorwa milimita kwa kufuata rula. Kokoto pia huipa chupa uzito, isiangushwe na upepo. Kila asubuhi, baada ya kusoma, maji ya mvua humwagwa na yale ya chini hurudishwa hadi kwenye sifuri. Siku za jua kali maji hayo hupungua, kwa hiyo ni lazima kuyaongeza, la sivyo mvua ijayo itasomeka pungufu.

Mahali pa kuiweka ni muhimu kuliko chupa yenyewe. Kanuni ni kwamba kifaa kikae mbali na mti au ukuta kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo chake. Kama mwembe una mita tano, chupa ikae mita kumi kutoka hapo. Nyua nyingi za mjini hazina nafasi hiyo. Basi achague mtu sehemu iliyo wazi kuliko zote, kisha asiihamishe. Chupa inayohamahama haiwezi kulinganisha mwezi huu na mwezi uliopita.

Na saa iwe ile ile. Vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) husoma mvua ya saa 24 ifikapo saa 3:00 asubuhi. Mtoto wa shule saa hiyo yuko darasani, kwa hiyo familia hii ilikubaliana saa 12:30. Si vibaya, mradi isibadilike.

Milimita moja ni nini hasa? Ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba. Baba, ambaye ni fundi wa kuchomelea, alilielewa hilo pale mwanawe alipompigia hesabu ya paa lao. Nyumba iliyofunika mita 8 kwa 6 ni mita za mraba 48. Ikinyesha milimita 10, paa limepokea lita 480, yaani ndoo 24 za lita 20. Hata yakipotea kiasi kwenye bati na njiani, bado ni maji mengi. Mwezi uliofuata mifereji ya bati, iliyokuwa kwenye mipango kwa miaka miwili, ikafungwa.

Miezi ya sifuri

Masika yalikuwa rahisi. Kuanzia Machi hadi Mei namba zilikuja zenyewe, na mtoto alikuwa na hamu. Siku moja chupa ilipita milimita 50, kile kiwango ambacho watu wa hali ya hewa wakikitarajia ndani ya saa 24 hutangaza mvua kubwa. Alikwenda shuleni akitamba kwa wenzake.

Ugumu ulikuja Juni. Upepo wa kusi unavuma, asubuhi kuna baridi, anga jeupe, na daftari likajaa sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri. Wiki ya tatu mtoto aliuliza kwa nini ajisumbue kuandika kitu kisichokuwapo. Mama yake, anayeuza mboga sokoni na kuandika mauzo yake kila jioni, ndiye aliyemjibu. Alimwambia kwamba sifuri maana yake mtu alikwenda, akaangalia, akakuta pakavu. Nafasi tupu maana yake hakuna aliyeangalia. "Mimi nisipouza naandika sijauza. Nisipoandika, mwisho wa mwezi sijui kama sikuuza au nilisahau."

Mzazi mwenye mtoto wa umri huu anajua kwamba maelezo mazuri hayatoshi kumwamsha mtu kwenye baridi. Kinachosaidia ni kumpa kitu kingine cha kutazama miezi ya ukavu. Kipo kimoja kisicho na gharama: kijiti kilichosimikwa wima penye jua. Kwa Morogoro jua hufika juu kabisa karibu na saa 6:30 mchana. Juni kivuli cha saa hiyo huangukia kusini, kwa sababu jua liko upande wa kaskazini. Kadiri Septemba inavyopita kivuli hufupika, na siku chache za Oktoba karibu kinatoweka, maana jua liko utosini. Baadaye huanza kurefuka kuelekea kaskazini. Mwanzoni mwa Machi jua hupita tena utosini likirudi.

Mtoto akichora vivuli hivyo Jumamosi moja kila mwezi, atagundua mwenyewe jambo kubwa: vuli na masika huja jua likiwa linapita au limekwisha kupita juu yetu. Ukanda wa mvua hulifuata jua kwenda kusini na kurudi kaskazini, ukichelewa kidogo nyuma yake. Ndiyo maana mikoa ya kaskazini mwa nchi na pwani yake hupata misimu miwili, huku Dodoma, Mbeya au Songea wakipata msimu mmoja mrefu, kati ya Novemba na Aprili.

Wazee hawakuhitaji chupa kulijua hilo. Watu wa pwani walihesabu siku za mwaka kwa miongo, kumi kumi, tangu siku ya Mwaka, na kwa hesabu hiyo wakajua majira ya kupanda na ya kusafiri baharini. Bibi naye ana zake: ukungu unavyokaa mlimani, siafu wanavyohama, joto la usiku linapozidi. Mjukuu alianza kuziandika dalili hizo pembeni ya namba. Baadhi zilifuatiwa na mvua, baadhi hapana. Bibi hakukasirika. Alitaka tu kujua zipi ni zipi.

Namba kumi na tatu

Kabla ya vuli baba alimuuliza bwana shamba lile swali la bibi. Jibu lilikuwa la tahadhari. Mvua moja si msimu. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni takriban milimita 20 ndani ya siku mbili tatu, kisha mtu achimbe aone unyevu umefika wapi, na asikilize utabiri wa msimu. Hata hapo jua linaweza kurudi, lakini walau mbegu imeanza na akiba ya maji chini yake. Bibi alilishika hilo la milimita 20. Likawa lake.

Wiki ya kwanza ya Novemba, Alhamisi asubuhi, chupa ilisoma 9. Siku hiyo hiyo mama na binti walisafiri kwenda msibani Kilosa. Kabla ya kupanda basi, mtoto alimkabidhi baba daftari. "Baba, usisahau. Saa kumi na mbili na nusu." Baba akaahidi.

Ijumaa alikuwa na kazi ya geti la mteja, akatoka gizani bila kwenda uani. Jumamosi alipokumbuka, aliikuta chupa imelala chini. Watoto wa jirani walikuwa wamecheza mpira pale. Usiku wa kuamkia Ijumaa alisikia mvua kwenye bati. Ilikuwa nzuri tu, aliwaza. Asingependa mwanawe arudi akute nafasi tupu baada ya miezi yote ile. Akasimamisha chupa, akafuta tope, akaandika 13 kwenye Ijumaa na 0 kwenye Jumamosi.

Jioni bibi aliomba asomewe. Tisa, kumi na tatu, sifuri. Akajumlisha kimoyomoyo. "Ishirini na mbili. Basi Jumatatu napanda." Mbegu ilikuwa chini ya kitanda, kwenye mfuko wake, haijafunguliwa. Baba alimsikia. Akanyamaza, akaendelea kula.

Jumapili alasiri wasafiri walirudi. Mtoto alisalimia, akaweka mfuko wake chini, akaenda moja kwa moja uani. Alikaa huko kwa muda. Aliporudi alisimama mlangoni, chupa mkononi.

"Baba, kokoto ziko wapi?"

Kokoto zilikuwa zimemwagika chupa ilipoanguka, na baba hakuzirudisha. Bila kokoto maji hayafiki kwenye mstari wa sifuri. Bila sifuri hakuna kumi na tatu.

Kuna namna nyingi ambazo mzazi anaweza kutoka hapo. Anaweza kumwambia mtoto asimhoji mkubwa. Anaweza kusema kokoto zimemwagika leo. Bibi alikuwa kwenye mkeka, anachambua mchicha, anasikiliza. Baba aliangalia chini kidogo, halafu akamgeukia mama yake kwanza. "Mama, ile kumi na tatu sikupima. Chupa ilianguka. Niliiandika tu." Kisha akamwambia mwanawe: "Nisamehe. Niliona vibaya kuacha wazi."

Bibi hakusema neno mpaka alipomaliza lile fungu la mchicha. "Nilikopa mwaka jana," alisema. "Nikikopa tena nitalipa na nini?"

Mtoto hakufuta namba. Aliipiga mstari mmoja, ibaki inasomeka, na pembeni akaandika: haikupimwa. Jumamosi nayo vivyo hivyo. Tangu siku hiyo, anayesoma chupa huweka herufi za jina lake mbele ya namba, awe mtoto, mama au baba.

Jumatatu bibi alikwenda shamba na jembe, bila mbegu. Alichimba mahali patatu. Unyevu uliishia urefu wa kidole. Chini yake vumbi. Akafukia, akarudi nyumbani. Jua liliwaka siku kumi na moja. Kisha asubuhi mbili mfululizo daftari likapokea 14 na 19, zote zimepimwa, zote zina herufi. Akapanda.

Si kwamba kila aliyetangulia alipata hasara. Jirani mwenye shamba bondeni, ambako udongo hushika maji, mahindi yake yalisimama vizuri. Wengine wa juu walirudia kupanda. Chupa moja haiwezi kulisemea kila shamba, ndiyo maana bibi bado anachimba kabla ya kuamini.

Chupa haioni mlimani

Kuna jambo jingine ambalo mzazi analipaswa kulisema wazi kabla mtoto hajaizoea mno chupa yake. Chupa hupima mvua ya uani peke yake.

Desemba ya mwaka ule ule, asubuhi moja, ilisoma 2. Mtoto akatoka kwenda shule bila wasiwasi. Njiani kuna korongo linaloteremka kutoka mlimani, ambalo kwa kawaida huvukwa kwa kuruka mawe. Asubuhi hiyo lilikuwa limejaa maji mekundu, yanabeba magogo. Mvua ilikuwa imenyesha juu usiku kucha, chini wakapata manyunyu tu. Alisimama ng'ambo ya huku pamoja na wenzake mpaka mtu mzima mmoja akawarudisha nyumbani. Alichelewa shule. Mama yake alimwambia hiyo ndiyo siku aliyofanya vizuri kuliko zote.

Watu wa chini ya milima hawana haja ya kusimuliwa sana. Desemba 3, 2023, tope na mawe viliteremka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh, na familia nyingi zikapoteza ndugu. Kwa hiyo amri ya nyumba hii ni fupi: maji yanayotembea hayavukwi, hata kama uani ni pakavu. Ngurumo zikianza, hakuna kwenda kusoma chupa. Namba inaweza kusubiri. Na TMA ikitoa angalizo au tahadhari, neno hilo ndilo linalofuatwa, kwa sababu wao wanaona bahari, mlima na mawingu ya mbali ambayo chupa haiyaoni.

Kuanza wikiendi hii

Mzazi anayetaka kujaribu asingoje masika. Aanze na chupa, rula na daftari la kurasa chache, lenye safu tatu: tarehe, milimita, na neno moja au mawili kuhusu upepo au mawingu. Neno moja linatosha. Mtoto akidaiwa aya nzima kila siku ataacha.

Mtoto wa miaka minne au mitano anaweza kumwaga maji na kusema kama kuna mengi au machache. Wa miaka saba anaweza kusoma mistari. Wa kumi na kuendelea ajumlishe mwisho wa mwezi na kuchora vijiti vya mvua, kila mwezi kijiti chake, kwenye karatasi moja ya kubandikwa ukutani. Mwaka ukiisha, karatasi hiyo itaonyesha majira ya mtaa wenu. Chupa imwagwe kila siku, hata ya manyunyu, isiwe nyumba ya viluwiluwi vya mbu.

Na siku ambayo hakuna aliyepima, iachwe wazi. Mtoto asigombezwe kwa nafasi tupu, wala mzazi asimjazie. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichojazwa kwa kubuni hakipikiki.

Morogoro sasa daftari ni la pili. Lile la kwanza bibi ameliweka chini ya kitanda, kwenye mfuko mmoja na mbegu. Ukurasa wa Novemba una alama ya kidole chenye udongo, karibu na kumi na tatu iliyopigwa mstari. Asubuhi mtoto akichelewa kutoka uani, ni yeye anayeita kutoka jikoni: "Leo ngapi?"